Siku Nyumba ya Bibi Ilipopigwa Mnada

Wino wa muhuri una harufu yake. Ni harufu ya spiriti iliyochanganyika na kitu kitamu kilichoanza kuchacha, na ukishainusa ukiwa mtoto haikutoki. Juzi nilikuwa benki, hapa Mugumu, nimekwenda kuomba mkopo wa kumalizia nyumba yangu. Afisa mikopo, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akanisukumia kile kibati cha wino wa zambarau nibandike dole gumba. Nikashika ukingo wa meza.

"Mama, uko sawa?" akaniuliza.

"Niko sawa. Nipe dakika moja."

Sikuwa sawa hata kidogo. Nilikuwa nimerudi Sirari, sebuleni kwa Bibi, nina umri wa darasa la pili, nalitazama dole gumba la Bibi likizama kwenye kibati kama kile na kutoka na rangi niliyoiona nzuri kuliko hina. Siku ile Bibi hakunawa mkono mpaka jioni. Nilimwomba na mimi anichovye changu, akanifukuza.

Ninyi wa rika langu mliokulia mpakani mnaikumbuka Sirari ya wakati ule. Malori yamepanga foleni yakisubiri karatasi, matingo wanapika ugali chini ya tela, wabadilisha fedha wamekaa kwenye viti vya plastiki na mabunda ya noti za nchi mbili mapajani, na vumbi linanuka dizeli. Nyumba ya Bibi ilikuwa nyuma ya ile barabara, ya matofali ya kuchoma, vyumba sita vinavyotazamana na korido katikati. Vitatu vya mbele walikaa wapangaji. Bibi aliijenga kwa kuuza ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, baada ya mumewe kufa huko kijijini Gorong'a na shemeji zake kuanza kumhesabia hata mbuzi. Alikuwa akisema amejenga Sirari kwa sababu pale mpakani kuna polisi, kuna forodha, kuna uhamiaji, lakini hakuna shemeji.

Sasa niwaeleze mama yangu alikuwa nani katika nyumba ile, maana kila kitu kilikuja kusimama au kuanguka hapo. Bibi Bhoke hakuzaa. Na kwetu Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume lakini mwenye ng'ombe anaweza kuoa. Anatoa mahari, analeta mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na wanamwita bibi. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Bibi alimwoa mama yangu, Robi, kwa ng'ombe wake mwenyewe, mchana kweupe, wazee wameketi na pombe imenywewa. Mwanamume aliyenizaa hatajwi na sikuwahi kumwulizia. Mama alikuwa mke wa nyumba ile na mimi nilikuwa mjukuu wa nyumba ile. Bibi alioa ili apate mtoto wa kiume, kwa hiyo alipoambiwa nimezaliwa wa kike, aliuliza kama wameangalia vizuri. Hadithi hiyo alinisimulia mwenyewe, mara nyingi, akicheka.

Hakuwa mtu mwema, Bibi. Najua mnategemea niseme alikuwa mkali lakini ana moyo wa dhahabu. Alikuwa mkali, basi. Alimpiga mama kwa mwiko ugali ukiungua na alinifinya nyama ya mkono kwa kucha mbili mpaka pabaki alama. Mtu mmoja tu ndiye aliyemlainisha, na huyo alikuwa Chacha.

Chacha alikuwa mtoto wa mmoja wa wale shemeji, lakini alimkimbilia Bibi tangu ujanani, na Bibi alimwona kama mtoto wa kiume ambaye mimi nilishindwa kuwa. Alikuwa akinunua mahindi upande wetu na kuyauza Isebania, ng'ambo ya mpaka. Kiswahili chake kilikuwa kimeshavuka mpaka bila kurudi. Alivaa viatu vya ngozi vilivyong'aa hata msimu wa mvua, na akija alimwita Bibi "mama" mpaka Bibi akasahau kufinya watu. Siku aliyokuja kusema anataka kununua lori, na kwamba benki wanataka dhamana, Bibi alikwenda chumbani akatoa hati ya nyumba kwenye sanduku la bati kabla hata hajamaliza kuuliza dhamana ni nini.

"Mama, shida ni moja tu," Chacha alisema. "Bwana wa benki akikuja hapa atauliza unaishi na nani. Ukisema una bibi yako, mke wako, atacheka mpaka atoe machozi, na hiyo fomu atairudisha. Hawa watu hawaelewangi mambo yetu. Wanataka mume ama bibi wa mwenye nyumba asaini kwamba amekubali. Sasa Robi atasaini kama nani? Wewe sema ni mjane, unaishi na mjukuu na dada wa kazi. Kwisha."

Mama alikuwa mlangoni na beseni la vyombo. "Na mimi nikisaini kwa jina langu?" aliuliza. "Ng'ombe walitolewa. Wazee wapo. Waulizwe."

"Benki haiulizi ng'ombe, Robi."

"Kusema siku moja kutakuchubua ngozi?" Bibi alimwambia. Mama akaingia jikoni na vyombo vyake.

Jioni ile nilifundishwa. Bibi alinisimamisha katikati ya magoti yake, akamnyooshea mama kidole. "Huyu ni nani?" Nikasema, mama. Akanifinya. "Huyu ni nani?" Nikasema mama tena, nikilia, nikafinywa tena. Mara ya tatu nikasema, dada wa kazi. Nikapewa andazi. Tukarudia mpaka maandazi yakaisha na mimi nikawa natamka bila kukwama. Mama alikuwa palepale anachambua mboga, na hakuinua uso. Mtu akikutana na mwenye faili, Bibi alinieleza, jibu ni hilo, na asiposema hivyo nyumba itaondoka.

Yule bwana wa benki alipokuja, alikaa kwenye kochi, akatazama dari, akatazama mabati, akauliza maswali yake. Mama akaleta chai. Alipiga magoti, akashika sinia kwa mikono miwili, macho chini, akasema, "Karibu chai, mheshimiwa." Sikuwa nimewahi kumwona mama akimpigia magoti mtu wa namna ile, kijana kuliko yeye. Bwana akaniuliza kwa utani, "Na huyu anayetupikia chai nzuri ni nani?" Nikajibu kwa sauti ya darasani. Akanipapasa kichwa, akaandika. Ndipo wino ukatolewa.

Baada ya wiki chache Chacha alikuja na lori, na kilo tatu za nyama, na vitambaa vya makochi vyenye maua, na kwangu mimi raba nyeupe. Nilizitazama raba zile nikafanya hesabu yangu. Nilisema maneno, raba zikaja. Hakuna mtu aliyenieleza kwamba vitu hivi viwili havihusiani, na hata angenieleza nisingemwamini.

Kuna jambo moja bado sijalisema, na nalisema hapa kwa sababu mnaosoma ni watu wazima na mna ya kwenu. Niliupenda ule mchezo. Nikawa namwita mama hivyo hata pasipo mwenye faili. "Dada, niletee maji." "Dada, raba zangu zina matope." Mwanzoni mama alicheka na kunipiga kofi la mzaha. Siku moja akaweka ndoo chini, akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Mwanangu, mchezo huo sasa umekwisha. Umesikia?" Nilikwenda kumshtakia Bibi. Bibi alicheka, akapiga paja, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mama akabeba ndoo yake.

Halafu Chacha akapotea. Kwanza ilisemekana lori limeharibika upande wa pili, halafu limekamatwa, halafu limeuzwa. Viatu vya ngozi havikuonekana tena koridoni kwetu. Barua ya kwanza ya benki ililetwa na kijana wa pikipiki, na Bibi akaambiwa abandike dole gumba kwamba amepokea. Nikanusa tena ile harufu, nikafurahi. Mpangaji wetu wa chumba cha kwanza, Wambura, aliyekuwa wakala wa forodha na mtu wa kusoma, alijitolea atusomee. Bibi alikataa. Hakutaka mpangaji ajue mambo ya mwenye nyumba. Kwa hiyo barua nilisoma mimi.

Niliisoma vizuri sana. Sikuruka neno. Nilisimama wima katikati ya sebule nikatamka dhamana, na mkopaji, na kushindwa kutekeleza masharti, na ndani ya siku sitini, kwa mkupuo mmoja, kama tulivyofundishwa kusoma mbele ya mkaguzi. Bibi alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mimi sikuelewa nilichokisoma na yeye hakuelewa alichokisikia, ila sote wawili tulipenda sauti yangu.

"Siku sitini ni miezi miwili," Bibi alisema nilipomaliza. "Miezi miwili ni nini? Baba yangu alidaiwa ng'ombe jike na watu wa Nyabasi tangu sijavunja ungo mpaka nimeolewa. Walikuja, wakanywa, wakakumbusha, wakaenda. Chacha atarudi." Mama alisema labda waende Tarime, waingie benki, waulize. Bibi akamwambia dada wa kazi hana shughuli benki. Alisema hivyo kwa mzaha, tulikuwa watatu tu, na nikacheka peke yangu. Barua ikaingia kwenye sanduku la bati, juu ya mahali ilipokuwa hati.

Sasa ninajua. Nimesoma kila mstari wa mkataba wangu wa mkopo, mpaka yule kijana mpole akaanza kutazama saa. Najua zile siku sitini hazikuwa za kumsubiri Chacha. Zilikuwa za Bibi kwenda pale kaunta na kusema, mimi ndiye mdhamini, nipangieni upya nilipe kwa kodi ya vyumba. Najua angeweza kutafuta mnunuzi mwenyewe, kwa bei ya mtu asiyekimbizwa, akalipa deni na kubaki na cha kujengea kibanda. Najua mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba mnada usimamishwe kwanza, na kwamba ridhaa ya mwenzi si karatasi ya kupambia faili. Yote hayo yalikuwemo kwenye ile barua au nyuma yake. Niliyasoma kwa sauti, halafu nikaenda kuruka kamba.

Baada ya barua alikuja mthamini na futi ya kamba. Bibi alikuwa kanisani, mama alikuwa mtoni, kwa hiyo mwenyeji nilikuwa mimi. Nilimshikia ncha ya futi. Nilimpeleka chumba kwa chumba, nikamwonyesha ufa ambao Bibi aliufunika kwa kalenda. Nilimpeleka nyuma, nikakanyaga minyaa ya uzio ili aone lile jiwe la mpaka ambalo Bibi alilifukia ili jirani asilisogeze. Niliamini anapima ili tuongezewe vyumba. Aliniuliza wanaoishi ndani ni akina nani, nikamjibu lile jibu langu, akanipa pesa ya soda. Nilinunua ya machungwa nikainywa mpaka povu likanitoka puani.

Gari la matangazo nalo likaja. Lilikuwa na spika mbili juu, lilitembea polepole kutoka stendi mpaka geti la mpaka na kurudi, na sisi watoto tukalifuata. Katikati ya muziki likataja jina la Bibi. Likataja yote mawili, la kwake na la marehemu mumewe, na nyumba ya vyumba sita, na siku kumi na nne. Nilipagawa. Niliwaambia wenzangu, huyo ni bibi yangu, huyo anayetajwa ni bibi yangu. Niliamini amekuwa mtu mkubwa, kama wale wanaotajwa kwenye mikutano ya kampeni. Nilikimbia nyumbani kumpelekea habari. Nilimkuta amekaa sakafuni koridoni na miguu imenyooka, amesikia kabla yangu. Spika zile zilikuwa na nguvu.

Siku ya mnada ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Walikuja watu wengi, wachache wa kununua na wengi wa kuangalia. Dalali alikuwa mgeni, mtu wa mkoa wa mbali, kofia pana kichwani na kengele mkononi, na faili kwapani. Alikuwa mcheshi. Alisema ndani ya nyumba hii hajawahi kulia mtoto mchanga zaidi ya mmoja, kuta zake bado hazijachoka, na watu wakacheka. Akaanza kupokea bei. Wambura mpangaji wetu alinyoosha mkono wa kwanza. Alikuwa amekula ugali wa nyumba ile miaka mitatu na alimwita mama yangu "mwenye mji." Bibi alimtazama, naye akautazama mkono wake mwenyewe, lakini hakuushusha.

Ndipo mama akatoka jikoni. Alikuwa amejifunga kitenge ambacho sikuwa nimewahi kukiona, nadhani alichoolewa nacho. Alisimama kati ya dalali na mlango.

"Mimi ni mke wa nyumba hii," alisema. "Nilitolewa ng'ombe na huyu mama aliyekaa pale. Nyumba ikiwekwa rehani mke lazima akubali. Mimi sikukubali, sikusaini, sikuulizwa. Wakurya mliopo hapa mnanijua. Anayetaka kununua, anunue na mimi nikiwa ndani, na yatakayompata ayajue yeye."

Wambura alishusha mkono. Wafanyabiashara wawili wa Tarime waliokuwa wanapandishiana bei wakarudi nyuma, mmoja akasema kwa Kikurya kwamba nyumba yenye mke ndani haiguswi, na mwingine akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki. Walikuwa watu wa kwetu. Mwanamke aliyehesabiwa ng'ombe hafukuzwi kwa kengele. Nimewaza siku ile maisha yangu yote, na bado naamini kama mambo yangeishia pale, dalali angefunga faili na kurudi alikotoka, na sisi tungepata angalau muda. Mama alikuwa ameshashinda.

Dalali aliwatazama wateja wake wakiondoka, akafungua faili. "Mke wa mwanamke?" alisema. "Mama, mimi nimeuza nyumba mikoa saba, hilo sijapata kulisikia. Hapa imeandikwa mjane, mjukuu mmoja, na dada wa kazi. Sasa wewe ni mke au ni dada wa kazi?" Akamgeukia Bibi. "Mama mdhamini, huyu ni nani wako?"

Bibi alitazama miguu yake. Chacha alishamwambia zamani kwamba anayesema uongo kwenye karatasi ya benki anafungwa, na hilo tu ndilo alilolishika katika yote. Alishindwa kumtetea mama hata kwa neno moja ambalo lilikuwa kweli.

"Haya, tumuulize mtoto," dalali alisema. "Mtoto hana deni na mtu." Aliinama, faili mkononi. Nilinusa wino. "Binti mzuri, nisaidie. Yule pale mlangoni ni nani?"

Mama alinitazama. Aliniamini kabisa. Nakumbuka alianza hata kutabasamu, kwa sababu swali lilikuwa rahisi mno.

Na mimi niliona kila kitu kama nilivyofundishwa. Mwenye faili amekuja. Nyumba inataka kuondoka. Watu wazima wote wamesahau maneno, Bibi kayasahau, mama kayakosea mbele ya watu, na mimi peke yangu ninayajua. Nilivuta pumzi, nikasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Dada wa kazi!"

Walicheka. Nakwambia walicheka mpaka yule aliyetafuta ufunguo akaurudisha mfukoni. Dalali alinipigia makofi. Wambura alijua. Alikuwa ameishi nasi, alijua mama yangu ni nani na alijua mimi ni nani, na nilimwona akinitazama muda mrefu kuliko wengine. Kisha akanyoosha mkono. Kengele ikagongwa na nyumba ikawa yake. Nikamgeukia Bibi nikingoja andazi.

Siku ya kutoka, vyombo vyetu vilikuwa nje tangu alfajiri. Wambura hakutoka katika chumba chake, ambacho sasa kilikuwa chake kwelikweli. Bibi alijitwisha sanduku la bati, akasema, "Twende." Safari ilikuwa ya Gorong'a, kwa wale mashemeji. Mama hakusogea.

"Mshahara wangu," alisema.

Bibi hakuelewa, au alielewa. "Robi, twende."

"Dada wa kazi hudai mshahara akiondoka. Nimekupikia, nimekufulia, nimekuzalia. Nilipe niende kwetu."

Sanduku lilikuwa linamlemea Bibi na shingo yake ilikuwa inatetemeka. Alisimama hivyo mbele ya madereva wa malori waliokuwa wanatazama, hajui aliteremshe au aendelee. Mama alimwacha asimame. Alimwacha muda wa kutosha, mpaka machozi yakamtoka mwanamke ambaye sikujua ana machozi. Halafu akalichukua lile sanduku kichwani mwa Bibi, akajitwisha yeye, akatangulia. Mimi nilifuata nyuma na raba zangu mkononi. Hakuniita wala hakugeuka kuangalia kama nakuja.

Gorong'a mashemeji walitupa kibanda cha mbuzi na walihakikisha tunakumbuka kwamba ni cha mbuzi. Bibi alikaa huko miaka minne. Alipokufa, kwenye msiba wake, walimketisha mama pamoja na wanawake waliokuja kusaidia jikoni. Alikata vitunguu siku nzima. Hakulalamika kwa mtu. Kwangu hakuwahi kulitaja lile neno, hata nilipokuwa mkubwa nikamlilia na kumwomba msamaha. Alisema tu, "Ulikuwa mtoto," kwa sauti ya mtu anayesoma kilichoandikwa.

Sasa anaishi nami hapa Mugumu. Magoti yanamsumbua. Jana yule kijana wa benki alikuja kuikagua nyumba ninayoiombea mkopo. Alitazama dari, akatazama mabati, akakaa kwenye kochi akafungua faili. Mimi nilikuwa chumbani natafuta hati, mlango uko wazi.

"Shikamoo mama," nilimsikia akisema. "Samahani, kuna sehemu natakiwa kujaza wanaoishi humu. Wewe ni nani wa mwenye nyumba?"

"Marahaba," mama alisema. Nilitoka na hati mkononi, nikasimama mlangoni. Alikuwa ananitazama mimi, si yule kijana. "Muulize huyo mtoto," akasema. "Yeye ndiye anayejua."

Kijana alicheka kidogo, akanitazama mimi na mvi zangu. Nilisema, "Ni mama yangu." Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. Aliandika bila hata kuinua kichwa, maana kwake ilikuwa ni nafasi moja tu kati ya nyingi za kujaza. Mama aliifuata ile kalamu kwa macho mpaka ikasimama. Akainuka akaenda jikoni, na nilidhani yameisha.

Alirudi na sinia. Akateremka taratibu, goti moja, halafu la pili, akishika ukingo wa meza, akasema, "Karibu chai, mheshimiwa." Kijana aliona haya, akajaribu kusimama. Nilimshika mama mkono nikamwambia ainuke, nikamwambia inatosha.

"Niache," alisema. "Ngoja kwanza mgeni anywe."